Si Kila Jongo Hutokana na Nyama

Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga. Nimeikumbuka methali hii kwa sababu ya mwalimu mmoja, rafiki yangu wa miaka mingi, aliyezinduka usiku wa manane akidhani kidole gumba cha mguu wake kimetiwa moto. Kilikuwa kimevimba na kuiva, hata uzito wa shuka hakuweza kuustahimili. Alipochechemea hadi chumba cha walimu, wenzake walimcheka: "Punguza nyama choma, mwalimu!"

Kumbe maskini hali nyama ila sikukuu, na ladha ya pombe haijui. Alichokuwa akimeza kila asubuhi ni kidonge cha kuteremsha shinikizo la damu.

Ugonjwa wa jongo huletwa na wingi wa asidi ya yuriki mwilini. Asidi hii hutokana na kuvunjwa kwa purini, kemikali zilizomo katika seli zetu wenyewe na katika baadhi ya vyakula. Yapata thuluthi mbili yake hutolewa na figo kwa njia ya mkojo. Ikizidi, huweza kuganda ikawa fuwele zenye ncha kama sindano, zikatua viungoni. Hapo ndipo moto huwaka.

Waama, zipo dawa zinazoizuia figo kuitoa asidi hiyo. Miongoni mwazo ni dawa za kuongeza mkojo, kama vile haidroklorothiazaidi na furosemaidi, ambazo wagonjwa wengi wa shinikizo la damu na wa moyo hupewa. Aspirini ya kipimo kidogo, inayomezwa kila siku kuulinda moyo, ni nyingine. Pirazinamaidi nayo, ambayo aghalabu hutumiwa katika miezi 2 ya kwanza ya kutibu kifua kikuu, huipandisha asidi hiyo mno. Kwa hivyo, mwanafunzi anayetibiwa kifua kikuu akilalamika kuwa viungo vinamuuma, tusimwite mvivu.

Je, dawa hizi zitupwe? La hasha! Rafiki yangu alipong'amua kiini cha maumivu yake, alivitupa vidonge vyote bila kumwuliza mtu. Majuma machache baadaye alianguka darasani mbele ya wanafunzi wake, shinikizo likiwa limepanda kupita kiasi. Aliponea chupuchupu kupatwa na kiharusi.

Daktari aliyempokea alimtaka kwanza ataje kila dawa aliyokuwa akitumia. Kisha alipima damu na figo, akambadilishia kidonge na kumpa losatani, ambayo huteremsha shinikizo na papo hapo huisaidia figo kuitoa asidi ya yuriki. Kwa maumivu alimpa kolchisini, akimwonya asijinunulie ibuprofeni dukani, kwani dawa hiyo huweza kudhuru figo na kupandisha shinikizo.

Maumivu yakirudi mara kwa mara, daktari huweza kuongeza alopurinoli. Hii huanzwa kwa kipimo kidogo, miligramu 100 au chini yake kwa siku, na kuongezwa polepole hadi asidi ishuke chini ya miligramu 6 kwa kila desilita ya damu. Miezi ya mwanzo jongo huweza kuchachamaa. Mgonjwa asikate tamaa. Lakini akiona vipele mwilini, aiache mara moja na kumwona daktari. Vilevile, kiungo kilichovimba pamoja na homa kisisubiri kesho, kwani huenda kimeingia usaha.

Naye mgonjwa wa kifua kikuu asithubutu kukatiza matibabu, asije akazua kifua kikuu sugu. Amweleze mhudumu wake maumivu hayo; kwa kawaida hutulizwa kwa dawa, na hupungua pirazinamaidi inapokwisha.

Kwa maoni yangu, mwandikia dawa asiyemweleza mgonjwa madhara yake ametimiza nusu tu ya kazi. Mgonjwa naye anayeiacha dawa kimyakimya anacheza na uhai wake. Baina ya wawili hao, lililokosekana ni mazungumzo.

Siku hizi rafiki yangu hutembea na karatasi mfukoni yenye majina ya dawa zake zote. Nasi walimu, kabla ya kumcheka mwenzetu anayechechemea, tumwulize kwanza anatumia dawa gani.