Mama atapasuliwa: damu iko wapi?

Unakaa Mongbwalu ao kwa mashimo mengine ya zahabu. Bibi yako ana mimba ya miezi saba, na mtoto wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa. Je, mmekwisha kupanga safari ya Bunia? Ama mnangoja uchungu uanze?

Sikia sababu. Mimba ikikomaa, kila dakika damu ya nusu litri ao zaidi inapita katika kizazi. Mwili mzima wa mama una litri 5 hivi. Mtoto na kondo la nyuma wakiisha kutoka, kizazi kinajikaza kama ngumi na kufunga mishipa. Kisipojikaza, mama anaweza kufa mbele ya saa moja kupita.

Hatari inazidi kwa mama aliyepasuliwa zamani, mwenye mapacha, aliyezaa mara nyingi, ao ambaye kondo limekaa chini, kwenye mlango wa kizazi. Kondo likishika juu ya kovu la zamani, linaweza kukataa kutoka. Ekografi inasaidia kuona hayo mapema. Na damu ikitoka wakati wa mimba, hata bila maumivu, usingoje asubuhi.

Docta ana dawa. Mtoto akitoka, mama anapewa oksitosini ili kizazi kijikaze. Dawa hiyo inaharibika kwa joto, inakaa katika frigo. Damu ikizidi, kuna asidi ya traneksamiki, ndani ya masaa 3 ya kwanza. Lakini damu iliyokwisha kumwagika inarudishwa kwa damu tu.

Nyumbani muna kazi pia. Mama anywe vidonge vya chuma, alale ndani ya chandarua, maana malaria inakula damu. Ajue gurupu yake. Ahamie karibu na hospitali mbele ya uchungu. Barabara ya mvua haina huruma. Tarehe 5 Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa na hospitali yake ikaharibiwa. Ituri inajua maana ya kukosa docta karibu.

Nanyi vijana wenye miaka 18 na afya nzuri: mwanaume anaweza kutoa damu kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Mtoe mapema, ipimwe bila haraka.

Baba, leo jioni keti na bibi yako, muandike: tutasafiri tarehe gani? Nani atatoa damu? Nani atabaki na watoto?