Fahamu: Kwa nini manowari ya kubeba ndege hushinda kwa kujificha

Kila mvutano unapopanda Ghuba, Marekani hutuma manowari za kubeba ndege, na vijana wa Kahama na Geita wanaocheza michezo ya vita vya baharini kwenye kompyuta husogeza zao mbele moja kwa moja. Hilo ni kosa. Nguvu ya meli hii ni kumwona adui kabla haijaonekana. Mchimbaji wa dhahabu naye hapasui mwamba kabla ya kujua mkanda wa dhahabu ulipopita. Ushahidi upo katika Bahari ya Hindi yetu. Aprili 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia, Admirali Somerville wa Uingereza alikabili manowari 5 za Japani za kubeba ndege, yeye akiwa na mbili kubwa, Indomitable na Formidable, na Hermes iliyokuwa ndogo na kuukuu. Alipanga kukaa mbali mchana, kisha kushambulia usiku kwa ndege zenye rada. Hakufanikiwa kumpata adui. Tarehe 9 Aprili, Hermes ilikutwa karibu na Ceylon (sasa Sri Lanka) bila ndege hata moja, ikazamishwa.

Wapo watakaosema Somerville alikimbia, kwani meli zake zilirudi nyuma na makao ya kundi lake yakahamia Kilindini, Mombasa. Lakini alilinda kilicho adimu. Tarehe 5 Mei, Indomitable, safari hii pamoja na manowari nyingine ya kubeba ndege, Illustrious, ilirusha ndege kusaidia majeshi ya Uingereza yaliyoshuka Diego Suarez, Madagaska. Angeipoteza Aprili kwa kutaka sifa, ndege zake zisingekuwepo.