Kibano cha Mpira Hakitibiwi kwa Oili

Swali linaloulizwa kila mara katika gereji za magari ya safari ni oili gani ipakwe kwenye vibano vya mpira, vile vinavyoshikilia sepetu, shoka, jeki ndefu na mtungi wa kuzimia moto kwenye keria au ubavuni mwa gari, ili visipasuke mapema. Swali hilo lina kosa tangu mwanzo, kwa kuwa linachukulia kwamba mpira hupasuka kwa kukauka, kama ngozi ya kiatu, na kwamba dawa yake ni kuurudishia mafuta uliyopoteza.

Kinachoupasua ni ozoni, gesi ya jamii ya oksijeni ambayo imo katika hewa ya kawaida kwa kiasi cha sehemu chache tu kati ya milioni mia moja, na kiasi hicho kinatosha. Mpira wa asili, yaani ule unaotokana na utomvu wa mti, umeundwa kwa minyororo mirefu ya molekuli yenye viungo pacha vya kaboni ndani yake, na viungo hivyo ndivyo ozoni inavyovikata. Mpira uliolegea hustahimili hali hiyo kwa muda mrefu. Uliovutwa, hata kwa asilimia chache tu ya urefu wake, hufunguka kila unapokatwa, na ufa hutokea ukikatiza mwelekeo wa mvuto. Ndiyo maana kibano huanza kupasuka kwenye ukanda unaozunguka mpini, hasa unapopinda, ilhali kitako chake, kinachopigwa na jua lilelile na kumezwa na vumbi lilelile, hubaki kizima. Kama ukavu ndio ungekuwa chanzo, kitako nacho kingepasuka, lakini hoja hiyo nyepesi haijawahi kumzuia mtu kwenda kutafuta kopo la oili.

Oili, dizeli na hata mafuta ya mgando hupenya ndani ya mpira wa asili na kuuvimbisha, na uvimbe huo huziba nyufa ndogo na kuuacha uso ukiwa mweusi na wenye kung'aa, jambo linalomfanya mwenye gari aamini kwamba tiba imefanya kazi. Kilichofanyika ni kinyume chake. Mpira uliovimba hupoteza uimara na huchanika kwa nguvu ndogo zaidi, mshiko wake kwenye mpini hupungua, na nta pamoja na kemikali za kinga ambazo kiwanda kilichanganya ndani yake ili kuizuia ozoni huyeyuka na kutoka pamoja na mafuta hayo. Atakayetaka ushahidi akate kipande cha mpira huo, akitumbukize katika dizeli kwa siku chache, kisha akivute kwa vidole.

Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, ambayo baadhi ya mafundi huisifu kuliko oili mpya, ni mbaya zaidi, kwa sababu huwa na chembechembe za metali zilizosagika kutoka kwenye beringi, ikiwemo shaba, na shaba inajulikana katika viwanda vya mpira kuwa ni sumu inayoharakisha kuoza kwa mpira wa asili kwa oksijeni. Kuhusu giligili ya breki, itoshe kusema kwamba hubabua rangi ya gari kabla haijaufanyia mpira jambo lolote la maana.

Imani nyingine, kwamba mpira halisi ndio unaodumu, nayo ina ukweli nusu: mpira wa asili hushinda karibu mipira yote kwa kutochanika, lakini mbele ya ozoni ni miongoni mwa ile dhaifu kabisa. Tyubu nyingi za magari hutengenezwa kwa mpira wa butili, ambao una viungo pacha vichache sana, na kwa hiyo kipande cha tyubu kuukuu kinachofungia mzigo kwenye baiskeli mara nyingi huishi muda mrefu kuliko kibano cha dukani chenye bei kubwa.

Kwa anayenunua, mpira unaofaa nje ya gari ni aina ya EPDM, ambao mnyororo wake mkuu hauna viungo pacha, mradi usiguswe na oili. Nitraili hustahimili oili lakini si ozoni. Silikoni hustahimili joto na jua lakini huchanika upesi. Kibano kichaguliwe kwa kipenyo cha mpini, kisivutwe kupita kiasi, kifunguliwe gari linapolala, kioshwe kwa maji na sabuni, na kikihitaji kupakwa kitu basi kipakwe grisi ya silikoni kidogo, isipokuwa kama chenyewe ni cha silikoni. Kwenye barabara za changarawe zenye mawimbi, kama ile ya kutoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi, ambapo mtikisiko huchosha mpira kwa maelfu ya mivuto midogo, shoka na jeki ziongezewe mkanda wa nailoni wenye bizimu, kwa sababu chuma kinachoruka kutoka kwenye gari linalokimbia huweza kuua. Kibano ambacho nyufa zake zinaonekana bila hata kukikunja kimekwisha, na mahali pake ni jalalani.