Hati Inayokufa Siku Unayoihitaji

Mzee akipata kiharusi, simu yake ndiyo hushikwa kwanza. Mtoto mmoja anaijua namba ya siri, mwingine ana kadi ya benki, na hospitali inalipwa bila maswali. Shida huanza salio likiisha. Akaunti ya muda maalumu haina kadi, mpangaji anadai mkataba mpya, benki inataka sahihi, na mkono wa kuitia umelala.

Wengi huamini mke au kifungua mimba anaweza kusaini badala yake. Hawezi. Ndoa haimpi mtu mamlaka juu ya akaunti ya mwenzake, na mzazi naye hana sauti kwenye akaunti ya mwanawe aliyekwisha kuwa mtu mzima. Anayehitajika ni aliyepewa mamlaka kwa maandishi, yaani mwenye hati ya uwakala.

Kuiandaa si kazi kubwa. Mwenye mali anamtaja wakala, anaeleza anachomruhusu, kisha anasaini mbele ya wakili au kamishna wa viapo. Aliye ughaibuni huithibitisha ubalozini. Kama inahusu ardhi iliyosajiliwa, Tanzania hupelekwa kwa Msajili wa Hati. Kazi ipo kwenye maneno. Hati ya jumla, ile ya "afanye lolote ambalo ningefanya mwenyewe", humwezesha shemeji kuuza kiwanja huku mwenyewe yuko Muscat akiamini msingi unachimbwa. Mimi nisingeisaini hata kwa ndugu wa tumbo moja. Andika akusanye kodi ya nyumba fulani, alipe ada na matibabu, asiuze, asiweke rehani, na kila miezi 3 atoe hesabu kwa mtu wa pili unayemtaja.

Sasa lile wasilolijua wengi. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, uwakala hukoma aliyeutoa akifariki au akipoteza akili timamu. Kiharusi kilichogusa mkono tu hakiivunji hati. Maradhi ya usahaulifu yakishamfikisha mzee hatua ya kutoijua mali yake, huivunja. England na Wales waliliziba pengo hili kwa sheria ya mwaka 1985, na tangu Oktoba 2007 wanayo hati ya kudumu, inayosajiliwa kabla ya kutumika na kuendelea hata akili ya mwenyewe ikichoka. Kwetu, hapo ndipo familia huelekea mahakamani kuomba msimamizi wa mali ya mgonjwa, mara nyingi huku ndugu wenyewe hawasemezani.

Je, hati haina maana? Inayo, maana wengi wanaokwama akili zao ziko salama: yupo anayesubiri upasuaji India, yupo baharia, yupo bibi ambaye magoti hayamfikishi tena benki.

Na kifo kikishatokea, aliyekuwa wakala si wakala tena. Anayetumia kadi ya marehemu baada ya hapo, hata kwa gharama za msiba, anagusa mali ya mirathi ambayo msimamizi wake bado hajateuliwa.

Kama tayari ulikwisha kusaini hati ya jumla na moyo haujatulia, ibatilishe kwa maandishi wiki hii. Nakala moja mpe wakala, nyingine ipeleke benki, na kama ardhi imo, nyingine kwa Msajili. Benki isiyojua kuwa umeibatilisha itaendelea kumhudumia.