Walimu wa vyuo vikuu wanaotupa heshima



Wiki iliyopita, mama mmoja alinifikia nyuma ya darasa, mtoto mgongoni, akaniuliza: "Mwalimu, huyu binti yangu amemaliza darasa la sita. Primeri ni bure tangu 2019, tunashukuru. Lakini sekondari wanaomba minervali. Asome mpaka wapi, kama mwisho ni jembe tu?" Sikupata jibu fupi. Ndiyo maana leo nawaletea habari za Wakongomani watatu wanaofundisha katika vyuo vikuu, na kazi waliyofanya katika miaka hii ya karibuni.

Wa kwanza ni dada yetu Sandrine Mubenga. Akiwa na miaka 17, kule Kikwit, kidole cha tumbo kilipasuka. Alihitaji kupasuliwa haraka, lakini hospitali haikuwa na umeme. Siku tatu alikuwa kati ya uzima na kifo. Alipopona, aliamua kusoma mambo ya umeme. Alikwenda Marekani, akawa injinia, na mwaka 2017 akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Toledo, ambako alifundisha pia.

Kazi yake inahusu batri. Mama aliye na paneli ya jua nyumbani anajua: batri ikichoka upande mmoja, yote inaharibika mbio. Ndani ya batri kubwa mna vibatri vingi vilivyounganishwa, na kile kilicho dhaifu kinavuta vingine chini. Profesa Mubenga alitengeneza chombo kinachovisawazisha, ili batri idumu zaidi. Ameanzisha kampuni ya kuweka umeme wa jua huku kwetu Kongo, na shirika linalolipia vijana masomo ya sayansi. Mwaka 2020 Serikali ilimweka mkuu wa ofisi inayosimamia sekta ya umeme katika nchi nzima. Binti aliyekosa umeme kitandani ndiye aliyeitwa kuusimamia.

Wa pili ni Profesa Jean-Jacques Muyembe, wa Chuo Kikuu cha Kinshasa. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, kwenye ugonjwa usiojulikana. Alitoa wagonjwa damu bila glavu. Aliona damu haikomi kutoka pale sindano ilipopita, akanawa mikono kwa maji na sabuni. Akachukua mtawa mmoja mgonjwa mpaka Kinshasa, na damu ya mtawa huyo ikapelekwa Ubelgiji. Ndivyo virusi vya Ebola vilivyojulikana.

Mwaka 1995, Ebola ilipopiga Kikwit, yeye na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Saba kati yao waliishi. Wataalamu wengi wa ng'ambo hawakukubali kwamba ile damu ndiyo iliyowaponyesha. Hakuacha. Kutoka katika damu ya mtu aliyepona Kikwit, yeye na watafiti wa Marekani walipata dawa inayoitwa leo Ebanga.

Sehemu iliyobaki tunaijua wenyewe. Tarehe 1/8/2018 ugonjwa ulitangazwa hapa Kivu ya Kaskazini, na mwezi wa saba 2019 ukafika Goma. Mnakumbuka ndoo za kunawia mikono na kupimwa joto njiani. Watu zaidi ya 2,200 walikufa kabla ya ugonjwa kuisha tarehe 25/6/2020. Lakini katikati ya msiba huo, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, dawa nne zilijaribiwa kwa wagonjwa. Kwa wale waliopewa dawa ya ZMapp, karibu nusu walikufa. Kwa Ebanga, karibu 35 kwa 100. Na dawa nyingine moja ilifanya vizuri sawasawa na Ebanga. Waliokuja mapema ndio waliopona zaidi. Mwezi wa kumi na mbili 2020, Marekani iliikubali Ebanga kama dawa halali.

Profesa hafanyi kazi peke yake. Kulikuwa na wauguzi, watu wa maabara, madereva, wafuaji wa nguo. Na kulikuwa na wamama waliopona Ebola: kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga, waliwalea watoto wachanga ambao mama zao walilala wagonjwa. Hawana diploma ukutani, lakini nao wamo katika ushindi huu.

Wa tatu ni munganga Denis Mukwege wa Panzi, anayefundisha pia katika Chuo Kikuu cha Kiinjili Afrika, Bukavu. Wengi wenu mnamjua, kwa hiyo sitasema mengi. Mwaka 2015, akiwa mtu mzima na jina lake likijulikana duniani, alirudi kwenye vitabu na kupata udaktari Brussels, juu ya majeraha ya wanawake anaowatibu. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani pamoja na Nadia Murad. Aliyefika mbali namna ile bado alikubali kuwa mwanafunzi.

Sasa nimjibu yule mama. Sijui binti yako atafika wapi. Najua tu kwamba hawa watatu waliona shida, wakauliza maswali, na kulikuwa na mtu aliyewalipia darasa la mbele. Hapa Lushebere, vita imetukimbiza, imekula ng'ombe na mashamba. Mara nyingi tukipunguza matumizi, tunaanza na minervali ya binti.

Tunazo likelemba za masufuria na za vitenge. Nauliza: hatuwezi kuwa na moja ya minervali? Kila wiki kila mama atoe kidogo, na zamu ikifika, pesa iende moja kwa moja shuleni, isipite mfukoni mwa mtu. Tulizungumze kwenye mkutano ujao. Na yule mama, aje na binti yake. Nitamwekea kiti mbele.