Breki ya Baiskeli na Mkono Mdogo

Leo tunahitaji daftari, kalamu na rula. Tena, ikiwa nje ya darasa lenu kuna baiskeli imeegemezwa ukutani, mwombeni mwenyewe aisogeze mlangoni, maana tutaipima. Maneno haya mtabaki nayo katika karatasi, ili aliyekosa kusikia ayasome polepole.

Tuanze na jambo mnalolijua. Handeni ni mahali penye shida ya maji, na katika nyumba nyingi baiskeli ndiyo punda. Asubuhi hubeba madumu, jioni hubeba mahindi au mkaa. Barabara ya kutoka Handeni mjini mpaka Korogwe ni kilometa 65 hivi, na siku hizi ina lami. Handeni iko juu, Korogwe iko chini karibu na mto Pangani, kwa hiyo aendaye Korogwe huteremka zaidi kuliko anavyopanda. Na yule anayeshuka kutoka Bungu, huko milimani Usambara, huyo simwambii kitu, anajua mwenyewe.

Sasa fungueni madaftari tufanye hesabu. Dumu la lita 20 likijaa, maji yake yana uzito wa kilo 20. Madumu 4 ni kilo ngapi? Kilo 80. Baiskeli ya chuma ina kilo 20 hivi. Anayeiendesha, tuseme ni msichana mkubwa au mama mwembamba, ana kilo 50. Jumlisheni. Jibu ni kilo 150. Ondoeni maji, zinabaki kilo 70. Basi breki ileile na vidole vilevile vinatakiwa kusimamisha uzito uliozidi mara mbili.

Tena kuna jambo la mwendo. Mwendo ukizidi mara 2, nafasi ya kusimama haizidi mara 2, bali mara 4. Kama ulihitaji hatua 3 kusimama, sasa utahitaji hatua 12. Hatua 12 ni nyingi sana kama mbele yako mbuzi anavuka, au basi linatoka kituoni.

Je, wenye mikono midogo wanapata taabu gani? Baiskeli nyingi zilizozoeleka kwetu, Raleigh zilizotoka Nottingham, Uingereza, na baadaye Phoenix za Shanghai, China, ni kana kwamba zilipimwa kwa mkono wa mwanamume mzima. Baba akiishika, vidole vinafika. Binti yake akitumwa maji kwa baiskeli hiyo hiyo, vidole vinagusa breki kwa ncha tu. Watu wazima humpigia kelele, “Shika breki!” Naye anaishika, lakini haimtii. Wengine humwita mzembe. Mimi nasema tuitazame baiskeli kwanza kabla ya kumlaumu mtoto.

Neno jipya la leo ni WENZO. Liandikeni. Wenzo wa breki ni kile chuma unachokivuta kwa vidole. Wengi wenu mnakiita mkono wa breki. Ni sawa, lakini leo tunazungumza pia juu ya mkono wa mtu, na sitaki tuchanganye.

Shikeni usukani kama mnavyoushika njiani, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka. Nyosheni kidole cha shahada na cha kati juu ya wenzo. Kama kiungo cha kwanza cha kidole kinaupita wenzo, vizuri. Kama ni kucha tu zinazofika, wenzo uko mbali. Pimeni kwa rula kutoka kwenye mshikio mpaka kwenye wenzo, mkaandike sentimeta.

Ponyo la kwanza halina gharama. Watu wengi huzungusha vipande vya mpira wa tairi la ndani kwenye mshikio, tabaka juu ya tabaka, ili mkono usiumie. Mkono mpana haujali. Lakini kila tabaka huunenepesha mshikio na kula urefu wa vidole. Vifungueni, mbakize mshikio mwembamba usioteleza. Huenda mkapata sentimeta nzima kwa kazi hiyo peke yake.

Kisha tazameni ni breki ya aina gani. Ikiwa ni ya waya, chungulieni pale wenzo unapoungana na usukani. Kwenye nyingi kuna skrubu ndogo. Ukiikaza, wenzo husogea karibu na mshikio. Zungusha kidogo, jaribu, zungusha tena. Wenzo ukisogea huvuta waya, na raba za breki huenda zikaanza kusugua ringi. Basi legezeni waya kidogo mpaka gurudumu lizunguke bila kusuguliwa. Halafu vuteni kwa nguvu zote. Wenzo usiguse mshikio. Pabaki nafasi ya kupitisha kidole. Ukigusa, hakuna tena breki, hata ukivuta mpaka kesho.

Jambo la pili ni mahali pa kuvutia. Wenzo hufanya kazi kama mtaimbo wa kung'olea jiwe. Ukishika karibu na jiwe unachoka bure. Ukishika mwishoni, jiwe linainuka. Vidole vikivuta sentimeta 4 kutoka kwenye ekseli ya wenzo, vinahitaji nguvu mara mbili ya vile vinavyovuta sentimeta 8. Kwa hiyo legezeni nati inayoushika wenzo, mwusogeze kuelekea katikati ya usukani, ili vidole viwili viangukie mwishoni mwa wenzo. Kazeni nati tena sawasawa.

Tatu ni waya wenyewe. Waya wenye kutu hula nguvu ya mkono kabla haijafika kwenye raba. Utieni mafuta ndani ya ganda lake. Kama nyuzi zimeanza kukatika, nunueni mwingine, msiufunge kwa uzi.

Breki za fimbo za chuma, zile za baiskeli za zamani, hazina skrubu ya kusogeza wenzo. Hapa tieni mafuta kwenye viungo vyote vya fimbo, na raba zilizokwisha zibadilishwe. Mafuta yasifike kwenye ringi hata tone. Yakifika, ioshwe kwa sabuni. Ringi iliyopinda nayo inyooshwe kwa kukaza spoki, kwa maana haiwezekani kuweka raba karibu na ringi inayoyumba. Wako wanaopiga wenzo nyundo ili uiname. Sikubali. Ule wa chuma unaweza kuvumilia, ule wa alumini hupasuka ndani bila kuonekana, na utakatika siku ya mteremko.

Ikiwa mmefanya yote hayo na vidole bado havifiki, mwulizeni fundi kama anaweza kuweka gurudumu la nyuma lenye breki ya kurudisha pedali nyuma. Hiyo haihitaji kidole. Miguu ndiyo inayobana. Lakini haifai kwa mtoto anayepitisha mguu katikati ya fremu, kwa sababu hawezi kuikanyaga vizuri. Huyo ateremke, asukume.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama breki ya mbele humpindua mtu. Humpindua anayeibana ghafula peke yake. Lakini ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu unapofunga breki uzito hukimbilia mbele. Baneni zote mbili pamoja, polepole, mkaongeze. Wakati wa masika ringi ikilowa, anzeni kubana mapema, ili raba ziyafute maji kwanza.

Kwa somo lijalo, kila mmoja aandike mistari mitatu: urefu wa kidole chake cha kati, nafasi kati ya mshikio na wenzo kabla ya kurekebisha, na nafasi hiyo baada ya kurekebisha. Asiye na baiskeli apime ya jirani, kwa ruhusa. Mwalimu atazikusanya karatasi.