Kabla Hujachoma Peptidi

Peptidi zinazotumika kila siku wilayani Kilosa hazina tangazo. Moja imo kwenye friji za wodi za wazazi, kuanzia Hospitali ya Wilaya pale Kilosa mjini hadi Mtakatifu Kizito kule Mikumi: mama akishajifungua, mkunga humchoma ili mfuko wa uzazi ukaze na damu isimwagike. Wengi wanaijua kama sindano ya uchungu. Jina lake ni oksitosini. Nyingine ni insulini, ambayo familia yenye mgonjwa wa kisukari inaijua kuliko mimi mfamasia ninayeitoa dirishani.

Siku hizi neno hilohilo limeingia kwenye simu zetu kwa sura nyingine. Linauzwa kwa watu wa makamo, wale waliovuka arobaini, ambao kitambi kimeanza kuwatangulia mlangoni, magoti yanalalamika, usingizi ni wa mang'amung'amu na mambo ya chumbani hayaendi kama zamani. Wanaahidiwa kichupa cha unga mweupe, maji ya kuchanganyia na mpango wa afya uliotengenezwa kwa ajili yao peke yao. Naulizwa kama vitu hivyo vinafanya kazi na kama vina madhara. Siwezi kujibu lolote kati ya hayo kabla ya kujua muulizaji ana tatizo gani, na ni nani aliyelipima. Mara nyingi hakuna aliyelipima.

Protini zote mwilini zimeundwa kwa amino asidi zilizoungwa moja baada ya nyingine kama mabehewa. Treni ndefu ndiyo protini. Fupi, ya mabehewa machache hadi hamsini hivi, ndiyo peptidi. Oksitosini ina 9. Insulini ina 51, kwa hiyo vitabu vingine huiita peptidi na vingine protini. Kazi ya peptidi inategemea mpangilio wa mabehewa yake. Badilisha mabehewa mawili tu ya oksitosini, na ile homoni ya kukaza mfuko wa uzazi inakuwa homoni nyingine kabisa, inayoziamuru figo zibakize maji. Kwa hiyo mtu anayekwambia kwamba "peptidi ni nzuri kwa mwili" hajakwambia kitu. Ipi, ya mabehewa mangapi, na inakwenda kugonga mlango wa nani?

Peptidi nyingi huchomwa kwa sababu ukizimeza, vimeng'enya vya tumboni huzivunja vipandevipande sawa na vinavyovunja dagaa au maharage. Hata semaglutaidi ya vidonge, dawa ya kisukari iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa, takriban asilimia 1 tu ndiyo inayofika kwenye damu. Lakini kuna peptidi moja ya Afrika iliyowashangaza wanasayansi. Katika miaka ya 1960, Lorents Gran, daktari wa Norway aliyekuwa akifanya kazi Kongo, aliona wajawazito wakinywa maji yaliyochemshwa na mmea unaoitwa kalata-kalata ili uchungu uende haraka. Kilichochemshwa, kikamezwa na bado kikafanya kazi kilikuwa peptidi ya amino asidi 29. Umbo lake lilipofafanuliwa mwaka 1995, ilionekana kwamba haina kichwa wala mkia: imejiunga duara na kujifunga mafundo ndani, vimeng'enya visipate pa kuanzia. Leo maabara nyingi zinajaribu kuiga fundo hilo ili wagonjwa wa kesho wameze badala ya kuchomwa. Wajawazito wasijaribu nyumbani. Uchungu usio na kipimo unaweza kupasua mfuko wa uzazi.

Turudi kwenye kitambi, maana ndicho kilicholeta kelele zote hizi. Ukila, utumbo wako wenyewe hutoa peptidi inayoitwa GLP-1. Inaliamuru kongosho litoe insulini, inalichelewesha tumbo kumwaga chakula, na inauambia ubongo kwamba umeshiba. Shida ni kwamba haidumu: ndani ya dakika mbili hivi nusu yake imeshavunjwa. Daktari John Eng wa New York ndiye aliyekuta peptidi inayofanana nayo, lakini sugu zaidi, kwenye sumu ya mjusi wa Gila, mkazi wa majangwa ya Marekani na Meksiko. Dawa iliyotokana na ugunduzi huo iliruhusiwa Marekani mwaka 2005 kwa ajili ya kisukari. Semaglutaidi ilifuata mwaka 2017. Hiyo nusu yake hukaa mwilini takriban wiki nzima, hivyo sindano moja kwa wiki inatosha.

Hii si hadithi ya kijiweni. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2021, waliochomwa semaglutaidi kwa wiki 68 walipungua wastani wa asilimia 15 ya uzito, wakati waliochomwa maji matupu walipungua chini ya asilimia 3. Mwaka 2023 jaribio jingine, la watu wa miaka 45 na kuendelea wenye unene na maradhi ya moyo, lilionyesha matukio ya mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo yakishuka kwa asilimia 20. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari walio pia na maradhi ya moyo au figo, pamoja na unene uliokithiri.

Ila ukiiacha, uzito unarudi. Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kusimamisha sindano walirudisha theluthi mbili ya kilo walizopoteza. Tena kilo zinazopotea si mafuta matupu, sehemu yake ni misuli. Mtu wa miaka hamsini anayelima Rudewa au kukata miwa Ruhembe anakula kwa misuli hiyo, na kuanzia umri huo misuli inapungua yenyewe hata bila sindano. Kichefuchefu na kutapika ni jambo la kawaida mwanzoni. Mtu ambaye kilo zake ni za kawaida, anayetaka tu shati limkae vizuri, sioni anachokwenda kutafuta huko.

Vile vichupa vya unga ni habari tofauti. Kinachotajwa sana ni BPC-157, peptidi ya amino asidi 15 inayodaiwa kuponya magoti, kano na tumbo. Karibu ushahidi wake wote umetoka kwa panya. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiweka mwaka 2023 kwenye kundi la vitu vyenye mashaka ya usalama, na wanamichezo wamekatazwa kuitumia tangu 2022. Kichupa kikiandikwa "kwa utafiti tu", muuzaji ameshajivua lawama kabla hujalipa. Dawa halali nchini ina usajili wa TMDA, na mfamasia yeyote anaweza kukuangalizia.

Halafu kuna joto. Peptidi ya maji hutaka nyuzi 2 hadi 8. Unga mkavu huvumilia zaidi, lakini ukishachanganywa nao unataka baridi. Kifurushi kilichopakiwa Dar es Salaam kwenye buti la basi, kikashushwa stendi ya Mikumi alasiri, kimeshapitia saa nyingi za jua, na peptidi iliyoharibika inaweza isibadilike rangi wala harufu. Wagonjwa wetu wa insulini wasio na friji wanajua kujipanga: chupa inafungwa isilowe, inawekwa ndani ya chungu cha udongo chenye maji, kivulini. Mbinu hiyo imepimwa na watafiti na inasaidia kweli.

Kuhusu huo "mpango binafsi", wazo lenyewe nalikubali, maana miili haifanani. Ila unaanzia kwenye mashine ya presha, utepe wa kupimia kiuno na tone la damu. Utafiti wa Profesa McLarty na wenzake kwenye vijiji sita vya Tanzania, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya watu. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, mijini na vijijini, ulikuta asilimia 9.1 wana kisukari na asilimia 26 wana presha. Njia za upimaji zilitofautiana, lakini hata ukilipunguza pengo hilo kwa nusu bado linatisha.

Presha nayo ina historia yake ya peptidi. Kaptopril, iliyoruhusiwa mwaka 1981, ilibuniwa kwa kuiga peptidi ya sumu ya nyoka wa Brazili aitwaye jararaca. Ya nyoka ilibidi ichomwe, ya maabara inamezwa. Dawa za ukoo huo zikitumiwa peke yake hushusha presha ya watu weusi kwa kiasi pungufu kuliko ya wengine. Jaribio lililofanyika katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, lilionyesha mwaka 2019 kwamba mchanganyiko wenye amlodipini huwafaa zaidi watu wetu. Vidonge vya amlodipini ni vya bei nafuu. Huo ndio mpango binafsi wa tiba ninaoupenda, unaopatikana bila kuagiza kitu ng'ambo.

Chakula nacho kina nafasi yake. Nyuzinyuzi za kunde, choroko na mbaazi, mazao ambayo kituo cha utafiti cha Ilonga kimeyashughulikia kwa miaka mingi, huliwa na bakteria wa utumbo mpana, na mabaki yake huuchochea utumbo utoe GLP-1 kidogo. Haitafikia sindano hata kwa mbali, lakini pamoja na nyuzinyuzi hizo unapata protini ya kulinda misuli.

Ukienda kupima sukari, jambo moja usilisahau. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, husoma chembe nyekundu za damu. Mwenye kubeba kinasaba cha selimundu, na mkoani Morogoro wapo wengi wasiojijua, anaweza kusomeka pungufu kwa takriban nukta 0.3, akaambiwa yuko salama wakati yuko mpakani. Kwa mgonjwa wa selimundu yenyewe kipimo hicho hakitegemeki. Upungufu wa damu nao huyumbisha majibu. Kama kwenu kuna mtoto au ndugu mwenye selimundu, mwambie daktari kabla hujatolewa damu, na uombe upimwe sukari ya asubuhi kabla hujala.